Moto wa Nyumba Usijulikane na Mtu Mmoja



Kila tunapokuja likizo Tanzania, akina mama wenzetu hutuuliza tunaishije na baridi ya Marekani. Wengi hudhani kwamba kila nyumba ya huku ina kitufe ukutani: mtu hubonyeza, joto likaja, naye akaendelea na shughuli zake. Kwa nyumba nyingi ndivyo ilivyo, kwa kuwa hutumia gesi, mafuta au umeme. Lakini sisi tunaishi kaskazini mashariki mwa jimbo la Pennsylvania, katika mabonde ya makaa ya mawe, na nyumba tuliyonunua mwaka 2014 ilikuwa na boila ya makaa katika chumba cha chini ya ardhi. Boila hiyo ndiyo inayotupasha joto na kutupa maji ya kuoga. Ndiyo pia iliyotufundisha jambo tunalotaka kuwaeleza leo: kitu ambacho uhai wa nyumba unakitegemea kisijulikane na mtu mmoja tu.

Tunaandika kama mke na mume, ingawa kalamu anayo mke. Mmoja wetu ni muuguzi, na siku za mapumziko hufuatana na akina mama wa kanisani kuwatembelea wagonjwa na familia za wageni. Mwenzake hufanya kazi kwa zamu katika ghala la mizigo, na zamu nyingi ni za usiku. Mungu ametujalia watoto watatu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuja Marekani akijua lolote kuhusu boila.

JIWE LINALOWAKA

Makaa ya huku si kama mkaa wa kuni tunaoujua sisi. Ni mawe meusi, magumu, yanayong'aa kama kioo. Kitaalamu huitwa anthrasaiti, na karibu yote yanayochimbwa Marekani hutoka katika pembe hii ya Pennsylvania. Mwaka 1917 zilichimbwa hapa takriban tani milioni 100. Siku hizi migodi iliyobaki ni michache, lakini wapo wenyeji wanaoendelea kuyatumia majumbani kwa sababu yanapatikana karibu na hutoa joto jingi bila moshi mwingi. Tani moja ya huku, ambayo ni kilo 907, hutoa joto karibu sawa na galoni 180 za mafuta ya kupashia nyumba. Sisi tunatumia kama tani 5 kwa msimu mmoja wa baridi.

Shida ya makaa haya ni kuyawasha. Kiberiti hakiyawezi, wala karatasi. Mnamo Februari 1808, Jesse Fell wa mji wa Wilkes-Barre aliyaweka juu ya chanja ya chuma ili hewa ipite kutoka chini, nayo yakawaka vizuri bila kupulizwa kwa mivukuto. Hadi leo siri ni ile ile: makaa magumu hupenda hewa inayotoka chini yake.

Boila yetu ni sanduku kubwa la chuma ambalo kuta zake zimejaa maji. Pembeni yake kuna hopa, yaani pipa tunamomimina makaa. Makaa yenyewe ni madogo, chembe zake zina upana wa kati ya milimita 5 na 8 hivi, na wenyeji huyaita kwa lugha yao makaa ya mchele. Chini ya hopa kuna kisukumio kinachoendeshwa na mota ndogo. Hicho husukuma makaa kidogo kidogo juu ya chanja yenye matundu, na feni hupuliza hewa kutoka chini. Makaa huingia upande mmoja yakiwa meusi, huwaka katikati, na hufika upande wa pili yakiwa majivu, yakaanguka yenyewe katika trei. Mtambo huu wa kulisha moto huitwa stoka. Maji yakishapata moto, pampu huyapeleka kwenye redieta za vyumbani, kisha hurudi tena kwenye boila.

Kuna swichi inayosikiliza joto la maji. Sisi tumeipanga hivi: maji yakishuka hadi nyuzi 71 za sentigredi, stoka ianze kulisha moto, yakifika 82, isimame. Siku ambazo baridi ni kidogo na hakuna chumba kinachohitaji joto, kuna saa ndogo inayoiamsha stoka kwa dakika chache kila nusu saa ili moto usife. Hapo panahitaji kipimo. Ikiamshwa mara chache mno, asubuhi utakuta chanja baridi. Ikiamshwa mara nyingi mno, maji huchemka kupita kiasi na makaa huteketea bure.

Maji ya kuoga nayo hupata joto humo humo. Kwa hiyo tuliweka valvu ya kuchanganyia maji baridi, ili yanayofika bafuni yasizidi nyuzi 49. Sisi wauguzi tumeona watoto wengi mno walioungua kwa maji ya moto, nasi hatukutaka kumwona wa kwetu akiwa miongoni mwao.

KUSOMA MAJIVU

Juma la kwanza tulilohamia, mzee mmoja jirani, ambaye baba yake alikuwa mchimba makaa, alishuka nasi chini akiwa na tochi na kiti cha kukunja. Tulitazamia ataanza kufungua skrubu. La hasha! Alikaa kitini akautazama moto kwa muda wa dakika kumi bila kusema neno. Muuguzi wa nyumbani mwetu alimwelewa mara moja. Hata wodini, muuguzi mzuri humtazama mgonjwa usoni kabla ya kuzitazama mashine.

Kisha mzee alimgeukia baba watoto akamwuliza, "Na mama je? Ukiwa kazini usiku, nani atautazama moto huu?" Alitusimulia kwamba baba yake alipokuwa mgodini, mama yake ndiye aliyekuwa akilisha tanuri la nyumba kwa sepetu, na watoto wote walijua zamu zao. Tangu jioni ile masomo yakawa ya watu wawili.

Somo la kwanza lilikuwa majivu. Kwetu tunasema moto huzaa majivu, tukimaanisha kwamba mzazi hodari anaweza kupata mtoto goigoi. Huku chini ya nyumba, majivu ndiyo yanayokwambia habari za moto. Stoka ikiwa imefanya kazi kwa nguvu zote kwa muda mrefu bila kupumzika, tazama mwisho wa chanja. Ni lazima uone ukanda wa majivu wenye upana wa vidole viwili hivi kabla hayajaanguka katika trei. Ukiona makaa mekundu yanaanguka yangali yanawaka, ujue chakula ni kingi kuliko hewa, nawe unatupa fedha majivuni. Punguza mlisho kidogo, au ongeza hewa. Ukiona majivu yamekula nusu ya chanja na moto umebaki mfupi, chakula hakitoshi kwa hewa inayopulizwa. Ongeza mlisho, au punguza hewa.

Somo la pili lilikuwa subira. Gusa kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Zungusha skrubu ya mlisho robo mzunguko, kisha uache moto utulie kwa saa nzima au zaidi ndipo uangalie tena. Mtu akibadilisha mlisho, hewa na saa kwa mkupuo mmoja, hatajua ni kipi kilichosaidia na ni kipi kilichoharibu. Hata dawa ya presha huongezwa kidogo, mgonjwa akapimwa, kisha ndipo daktari akaamua tena. Mwenda pole hajikwai.

Somo la tatu lilikuwa dohani. Hewa ya moto hupanda, na inapopanda huvuta moshi na gesi kutoka katika boila na kuzitoa nje. Mvuto huo ukiwa mkali mno, joto nalo hutoka nje bure. Ukiwa dhaifu, gesi hurudi ndani. Kwenye bomba la moshi kuna kilango kidogo kinachobembea chenyewe ili kuusawazisha mvuto huo. Siku za baridi kali dohani huvuta vizuri. Siku za hatari ni zile za vuguvugu mwezi wa nne au wa kumi, ambapo hewa ya nje na ya ndani zinakaribiana joto na mvuto unalegea. Aidha, majivu laini kama unga hujikusanya ndani ya bomba na kuliziba polepole, kwa hiyo ni lazima lisafishwe.

Kazi ya kila siku si kubwa: kujaza hopa, kutoa trei ya majivu, kusoma geji ya presha ya maji, na kuutazama moto kidogo. Majivu huwekwa katika ndoo ya chuma yenye mfuniko, nayo hukaa nje, mbali na ukuta wa nyumba, kwa maana punje moja ya moto huweza kujificha humo kutwa nzima.

DAFTARI UKUTANI

Wodini, zamu moja haiondoki bila kuikabidhi zamu nyingine. Kila kitu huandikwa: joto, mapigo ya moyo, dawa na saa iliyotolewa. Tuliona ni vyema moto wetu nao uwe na faili lake. Tulitundika daftari kwa kamba karibu na boila. Kila jioni aliyetoa majivu aliandika tarehe, baridi ya nje, joto la maji, presha, mifuko ya makaa iliyoingia, na upana wa majivu kwa vidole. Aliyegusa skrubu aliandika aliigeuza kiasi gani na upande gani.

Kurasa za mwisho tuliandika maelekezo kwa Kiswahili chepesi ambacho hata mtoto angekielewa: umeme ukikatika fanya hivi, moto ukizimika fanya hivi, king'ora kikilia, usifanye lolote ila kutoka nje. Kila kisa kilikuwa na ukurasa wake. Kisha tukayafanyia mazoezi. Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, baba watoto aliuzima moto makusudi, akaketi kwenye ngazi na kikombe chake cha chai, nasi tuliobaki tukauwasha. Hakusema neno mpaka ulipowaka. Baadhi ya marafiki walitucheka kwamba tunafanya mtihani wa jiko.

JANUARI 2019

Katikati ya Januari 2019 tulipata simu kwamba baba mkwe amefariki dunia kwao Njombe. Baba watoto ni kifungua mimba, na mahali pake palikuwa kaburini kwa baba yake. Nauli ilitosha mtu mmoja. Aliondoka akiwa na mzigo wa namna mbili: msiba ulio mbele yake, na mke na watoto watatu anaowaacha katika baridi, huku utabiri wa hali ya hewa ukisema mwisho wa mwezi utakuwa mbaya kuliko kawaida. Alipanga azike na kurudi upesi, bila kungoja matanga.

Utabiri ulikuwa wa kweli. Usiku mmoja wa mwisho wa mwezi ule baridi ilishuka karibu na nyuzi 20 chini ya sifuri, na upepo ulivuma kama unataka kung'oa paa. Saa tatu usiku umeme ulikatika. Stoka haiwezi kitu bila umeme: feni hunyamaza, kisukumio husimama, pampu hulala. Moto wa makaa uliobaki kwenye chanja hufifia, na baada ya saa chache hufa.

Tulishuka chini na tochi, tukafungua daftari ukurasa wa umeme kukatika. Jambo la kwanza lilikuwa kuzima swichi ya stoka, ili umeme ukirudi ghafla isije ikasukuma makaa mabichi juu ya chanja iliyokufa. Tukapanda juu, tukafungua mabomba ya maji yadondoke tone kwa tone yasigande na kupasuka, kisha sote wanne tukajikusanya sebuleni katika godoro moja na mablanketi yote ya nyumba. Mtoto wetu wa kati ana pumu, na hewa baridi humchokoza kifua. Tuliweka dawa yake ya kuvuta chini ya mto, tukawa tunasikiliza pumzi zake gizani.

Mnamo saa sita usiku rafiki mmoja alitupigia simu. Kwa upendo kabisa alituambia, "Jamani, si mna jiko la mkaa la kuchomea nyama pale uani? Liingizeni ndani mpate joto!" Tulimshukuru na kumwomba naye asithubutu kuliingiza la kwake. Sababu tutaieleza hapa chini.

Umeme ulirudi saa kumi alfajiri. Ndani ya nyumba joto lilikuwa limeshuka hadi nyuzi 11. Binti yetu mkubwa, aliyekuwa na miaka 13, alishika tochi na daftari akawa anasoma mstari kwa mstari, kama muuguzi msaidizi anayemsomea mwenzake orodha kabla ya upasuaji. Angalia geji ya maji: pauni 12, vizuri. Kwangua makaa baridi yote kutoka kwenye chanja. Tandaza makaa mapya, tabaka jembamba. Katikati weka mkaa wa kuni pamoja na kipande cha kuwashia. Usimwage mafuta ya taa wala petroli, hata tone. Washa kiberiti, kisha feni peke yake, kisukumio kisubiri. Mkaa ukiwa mwekundu wote, nyunyizia makaa ya mchele juu yake konzi kwa konzi.

Baada ya kama dakika ishirini vilianza kuonekana vimwali vya buluu, vikicheza juu ya makaa meusi. Ukishaviona hivyo, makaa yenyewe yameshika. Tukawasha kisukumio. Saa kumi na moja redieta zilianza kugonga ko-ko-ko, sauti ya chuma kinachopata joto, na mtoto wa pumu akalala usingizi mzito.

Wakati ule Njombe ilikuwa saa saba mchana. Tulimpigia baba watoto, naye alikuwa ametoka kuketi na wazee. Alikuwa ameona habari za baridi na hakuwa amelala. Tulimweleza yote. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Majivu yana upana gani?" Tukamjibu, "Vidole viwili, baba." Alinyamaza kitambo, mpaka tukadhani simu imekatika. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi nitabaki hadi tuanue matanga."

Alibaki. Aliketi na mama yake, akasikiliza wosia, akapatanisha ndugu zake wawili waliokuwa hawasemezani. Aliporudi alituambia kwamba aliweza kumlilia baba yake kwa moyo wote kwa sababu hakuwa na haja ya kuulilia moto wa nyumbani. Tumefikiri sana juu ya maneno hayo. Mara nyingi sisi akina mama hudhani kwamba kumwachia mume kazi fulani peke yake ni kumheshimu. Usiku ule tulielewa kwamba kuijua kazi yake ndiko kulikompa nafasi ya kuwa mtoto wa baba yake.

GESI ISIYO NA HARUFU

Sasa tuseme kuhusu jiko la mkaa ambalo hatukuliingiza ndani.

Vile vimwali vya buluu vinavyopendeza macho ni gesi inayoitwa kaboni monoksaidi ikiungua. Ikiungua ndani ya boila, inatupa joto. Ikikosa kuungua na ikakosa njia ya kutoka nje, inaua. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu huzunguka mwilini haina cha kuupa moyo na ubongo. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, kama mafua yasiyo na homa. Aliyelala huweza asiamke. Mama mjamzito yuko katika hatari zaidi, kwa sababu mtoto aliye tumboni huathirika vibaya hata mama akijiona nafuu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni, hudanganywa na gesi hii. Huweza kuonyesha kwamba mgonjwa hana neno kumbe damu yake imejaa sumu. Ni lazima kupima damu hospitalini. Mtu akipumua hewa ya kawaida, gesi huchukua kati ya saa 4 na 6 kupungua nusu. Akipewa oksijeni safi kwa barakoa, huchukua kama saa moja hadi moja na nusu. Ndiyo sababu mgonjwa wa gesi hapewi maziwa wala hafukizwi. Hutolewa nje na kukimbizwa hospitali.

Mwezi wa nne mwaka 2021, jioni moja ya vuguvugu, king'ora cha gesi kililia tukiwa mezani. Binti yetu alikuwa amelalamika kichwa tangu mchana. Hatukwenda kutazama kuna nini. Tuliinuka na watoto tukatoka nje kama tulivyokuwa, tukapiga 911. Wazima moto waliingia na vipimo vyao, wakakuta kiungo cha bomba la moshi kimeachana. Fundi tuliyemlipa kusafisha dohani siku mbili kabla alikuwa amelirudisha bomba bila skrubu zake. Binti alipimwa damu, akapewa oksijeni kwa saa kadhaa, akarudi nyumbani usiku ule ule akiomba chakula. Fundi tulizungumza naye ana kwa ana, na jina lake linabaki kati yetu naye. Lakini tangu siku ile kuna ukurasa mpya katika daftari: yeyote akiligusa bomba, hata awe fundi wa namna gani, watu wawili wa nyumba hii watalikagua kwa tochi kabla moto haujawashwa.

KWENU AKINA MAMA

Tunapowatembelea wageni, zikiwemo familia kutoka Kongo zinazosema Kiswahili kama sisi, tunashuka nao chini ya nyumba zao. Wengi wana boila za gesi au za mafuta, lakini maswali yetu ni yale yale. Swichi ya kuzimia iko wapi? Nani mwingine anaijua? King'ora kiko wapi, na tarehe yake ya mwisho ni lini? Ving'ora hivi huchoka, vingi baada ya miaka 5 hadi 10, na tarehe huandikwa nyuma yake. Kimoja kiwe karibu na vyumba vya kulala.

Nanyi mlioko nyumbani, msiseme haya ni ya Wazungu. Tumekulia katika nyanda za baridi, tunaijua Njombe na Makete mwezi wa sita na wa saba, na hali ya Lushoto au Limuru si tofauti sana. Tunajua mama anavyoingiza jiko la mkaa chumbani ili mtoto mchanga apate joto, kisha anafunga mlango na dirisha. Mkaa ukiwa mwekundu hautoi moshi, naye hudhani umekwisha kuwa salama. Sivyo. Wakati huo ndipo unapotoa gesi hiyo kimya kimya. Kwa hiyo shikeni haya:

Kwanza, jiko lipashe chumba joto mkiwa macho, mlango na dirisha vikiwa wazi, nalo litoke nje kabla ya mtu yeyote kulala. Usiliache hata kama limebaki majivu yenye makaa machache.

Pili, joto la usiku litoke katika mablanketi, soksi, kofia ya mtoto na kulala pamoja.

Tatu, watu wawili au zaidi wakiamka na maumivu ya kichwa katika chumba kimoja, tokeni nje kwanza, maswali yafuate baadaye, kisha nendeni hospitali na mwaeleze kwamba kulikuwa na jiko.

Nne, kila nyumba ina moto wake. Pengine kwako ni mtungi wa gesi, jenereta, kitabu cha benki, hati ya shamba, au dawa za mama mkwe na saa zake. Muulize mwenzako leo akuonyeshe anachokijua yeye peke yake, nawe umwonyeshe cha kwako. Yaandikeni kwa maneno mepesi. Mtundike daftari mahali ambapo mtoto mkubwa anaweza kulifikia. Kisha siku moja ya jua, wote mkiwa wazima na mmeshiba, fanyeni mazoezi bila kumsaidia anayejifunza. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Huenda mwenzako akasema, "Ya nini yote hayo, si mimi nipo?" Mjibu kwa upole kwamba unajua yupo, na kwamba unataka siku atakapoitwa mahali pengine, kwa msiba au kwa kazi, aweze kwenda na moyo wake wote.